Chiriku-milia tunduni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sahani ya chakula cha chiriku ikionekana imejaa, usiyaamini macho yako; ipulize kwanza. Ndege huyu hamezi punje pamoja na ganda lake, bali huizungusha kati ya kingo za mdomo, huimenya, humeza kiini na kuliacha kapi lianguke palepale. Baada ya siku moja sahani hufunikwa na makapi yanayofanana kabisa na uwele mzima, na mfugaji mgeni hupita, akatazama, akaridhika kwamba chakula bado kipo tele. Mimi mwenyewe, katika wiki ya kwanza ya kufuga, nilimkuta jike akiparuaparua sahani ya namna hiyo, na nilipoipuliza zilibaki punje zisizozidi kumi. Mengi yanayosemwa kuhusu ndege hawa yana sura hiyohiyo: kapi lipo, kiini hakipo.

Ninayemzungumzia ni ndege wa Australia mwenye uzito wa gramu 12 hivi na urefu wa sentimita 10, ambaye wanasayansi humwita Taeniopygia castanotis. Namwita chiriku-milia kwa sababu ya mistari myeusi na myeupe iliyo mkiani mwake na, kwa dume, kooni pia. Huenda ndiye ndege mdogo anayefugwa zaidi duniani baada ya kanari na kasuku wadogo, na karibu wote wanaouzwa ni uzao wa vizazi vingi vya tunduni, kwani Australia ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha nje wanyama wake wa asili tangu mwaka 1960.

Jina chiriku lenyewe limezaa dhana ya kwanza, kwamba huyu ni aina ya kanari na atunzwe kama kanari. Kanari na chiriku wetu wa mashambani ni wa familia ya Fringillidae, ilhali chiriku-milia ni wa familia ya Estrildidae, yenye spishi zipatazo 140 katika Afrika, Asia na Australia. Ndugu zake wa karibu kwetu si chiriku bali ni wale vijidege vyekundu vyenye mdomo mwekundu vinavyorukaruka uani vikiokota ulezi uliomwagika, pamoja na wale wenye mashavu mekundu na tumbo la buluu. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kanari dume huweza kuwekwa peke yake na akaimba vizuri, na akiwekwa na dume mwenzake huenda wakaumizana. Chiriku-milia ni ndege wa kundi, anayeishi, kuzaa na kutafuta maji pamoja na wenzake wengi.

Hapo ndipo inapoanguka dhana ya pili, ambayo naiona kuwa ya kikatili ingawa husemwa kwa nia njema: kwamba ukimfuga mmoja peke yake atakuzoea na kuwa rafiki yako. Atakuzoea, ndiyo, kwa maana ya kutokuruka kwa hofu kila upitapo, lakini hatakuwa kasuku wa kukalia kidole na kukunwa kichwa. Ndege hawa hufunga ndoa ya kudumu. Wenzi hukaa bega kwa bega, husafishana manyoya ya shingo na kuitana kila mmoja anapopotea machoni mwa mwenzake. Watafiti waliowatenganisha wenzi walipima homoni ya msongo katika damu yao, wakakuta imepanda, kisha ikashuka walipokutanishwa tena. Kioo kinachoning'inizwa tunduni ili ndege ajione ana mwenzake hakiwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa mwenzi wa kiooni hajibu mwito wala hasafishi manyoya ya mtu.

Wapo pia wanaomrudisha ndege kwa muuzaji wakilalamika kwamba ni mgonjwa kwa kuwa haimbi. Mara nyingi wameuziwa jike. Jike wa chiriku-milia huita, hulia, hunong'ona kiotani, lakini haimbi. Wimbo ni wa dume. Kumtambua dume ni rahisi: ana mashavu ya rangi ya machungwa, kifua chenye mkanda mweusi na ubavu wa rangi ya kahawia wenye madoa meupe. Kwa ndege weupe waliozalishwa na wafugaji, ambao alama hizo zimefutika, tazama mdomo: wa dume ni mwekundu uliokolea, wa jike ni wa rangi ya machungwa.

Wimbo huo ndio uliomfanya ndege huyu akaingia maabara, nami nitakaa hapa kidogo, maana dhana inayouhusu ina mizizi mirefu. Husemwa kwamba ndege huzaliwa akijua wimbo wake kama jogoo anavyojua kuwika. Kwa jogoo ni kweli. Kwa chiriku-milia, wimbo hufundishwa. Kinda dume husikiliza dume mzima aliye karibu, kwa kawaida baba yake, kuanzia umri wa siku 25 hivi; huanza kubwabwaja kwa sauti ya chini isiyo na mpangilio, kama mtoto anayejifunza kusema, akijisikiliza na kujisahihisha, hadi anapofikia siku 90 hivi ambapo wimbo hukomaa na kubaki vilevile maisha yake yote. Mwanasayansi wa Ujerumani Klaus Immelmann alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba makinda waliolelewa na ndege wa spishi nyingine walijifunza wimbo wa baba mlezi, hata kama ndege wa spishi yao walikuwa wakisikika chumbani humo. Kwa sababu wanyama wanaojifunza sauti namna hii ni wachache, chiriku-milia amekuwa kielelezo cha kuchunguza jinsi ubongo unavyojifunza lugha, na mwaka 2010 jenomu yake, yaani mpangilio wote wa vinasaba vyake, ilichapishwa, akiwa ndege wa pili kusomwa hivyo baada ya kuku. Kwa mfugaji maana yake ni nyepesi: kinda dume aliyetengwa na madume wazima mapema mno atakuwa na wimbo uliovurugika, na hakuna dawa wala chakula kitakachoutengeneza baadaye.

Jambo hilohilo la kujifunza kiotani linaonekana hapa kwetu kwa ndege wa jenasi ya Vidua, na linasahihisha dhana nyingine ninayoisikia sana, kwamba kila ndege anayetaga katika kiota cha mwingine huua makinda wa mwenye kiota. Kekeo wengi hufanya hivyo. Ndege wa Vidua hutaga katika viota vya jamaa wa Estrildidae, lakini kinda wake hukua pamoja na makinda wa mwenyeji bila kuwasukuma nje, huku kinywa chake kikiwa na madoa yanayofanana na ya makinda wenyeji ili wazazi wamlishe bila kushuku. Vidua chalybeata, ambaye dume wake ni mweusi unaong'aa, hulelewa na wale vijidege vyekundu vya uani, na akikomaa huimba, katikati ya sauti zake mwenyewe, wimbo wa walezi wake. Jike aliyelelewa katika kiota cha aina hiyo husikia wimbo ule na kujua kwamba huyo ndiye dume wa kwao.

Kuhusu kuzaa, dhana iliyoenea ni kwamba waachiwe wazae mfululizo, kwa kuwa ndiyo asili yao na ndiyo faida. Porini huzaa mvua inapoleta mbegu za majani. Tunduni, ambamo chakula hakikomi, ni kama mvua haikatiki, na wao hawana namna ya kujua kwamba wamezidisha. Piga hesabu: yai moja lina uzito wa gramu 1 hivi, nao hutaga mayai manne hadi sita, moja kila siku. Jike wa gramu 12 anayetaga matano ametoa, ndani ya siku tano, zaidi ya theluthi ya uzito wake, na ganda la kila yai limejengwa kwa kalsiamu. Kalsiamu ikipungua, yai hukwama. Utamkuta jike sakafuni mwa tundu, amejikunyata, mkia ukitikisika kila apumuapo. Huyo anahitaji joto mara moja na daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Mpe ganda la yai la kuku lililochemshwa, likakaushwa na kutwangwa, au ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufukweni, uliosuuzwa vizuri na kuanikwa juani. Baada ya uzao wa pili au wa tatu ondoa kiota kabisa, hata kama wanakitafuta kwa siku kadhaa.

Wazazi wote wawili huatamia kwa siku 12 hadi 14, na makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 18 hadi 20. Katika kipindi hicho utaambiwa usimguse kinda, kwamba mama akinusa mkono wa mtu atamtupa. Wengine hujibu kwamba ndege hawana pua, na hao nao wamekosea: utafiti uliofanywa Ujerumani umeonyesha kwamba makinda wa chiriku-milia hutambua kiota chao kwa harufu. Ila harufu ya mkono haiwafanyi wazazi wawakatae watoto, na watafiti hupima uzito wa makinda kila siku bila kiota kuachwa. Kinachowafukuza wazazi ni kusumbuliwa: kuchungulia kila saa, kutikisa tundu, paka anayekaa chini akitazama juu. Kuhusu mayai, mwaka 2016 watafiti wa Australia waliripoti jambo ambalo bado linanishangaza: joto likizidi nyuzi 26, mzazi huwaita watoto walio ndani ya mayai katika siku za mwisho za kuatamia, na watoto waliosikia mwito huo hukua tofauti na wenzao ambao hawakuusikia.

Chakula nitakipitia kwa haraka. Mbegu peke yake hazitoshi, ingawa ndizo tegemeo. Ulezi na uwele vinafaa, ilhali punje ya mtama ni kubwa kwa mdomo huu mdogo. Ongeza mchicha uliooshwa, mabua ya nyasi yenye mbegu changa, na kipande kidogo cha yai la kuchemsha wakati wa kulea. Mkate wa kulowekwa katika maziwa, ambao wazee wengi wanausifu, hujaza tumbo tu, na parachichi ni sumu kwa ndege. Kuna wanaodai kwamba ndege wa jangwani hahitaji maji kila siku, nao wana kipande cha ukweli mkononi: katika miaka ya 1960 ilithibitishwa maabara kwamba baadhi ya ndege hawa wanaweza kuishi miezi mingi kwa mbegu kavu bila kunywa. Kuweza kustahimili si sawa na kuwa na afya. Hunywa kila siku wakipata, tena kwa kufyonza kama njiwa, bila kuinua kichwa kila funda kama kuku anavyofanya, na hupenda kuoga.

Tundu la duara lenye kuba na nakshi hupendeza ukumbini, lakini ndege huyu haruki kwenda juu kama helikopta; huruka kutoka upande hadi upande. Urefu wa mlalo, wa mita 1 hivi kwa jozi, una thamani kuliko kimo. Lakini kosa linaloua ndege wengi bila mwenye nyumba kujua sababu ni la hewa. Husemwa kwamba moshi kidogo hauna neno, mbona sisi tunaishi nao. Mapafu ya ndege husaidiwa na vifuko vya hewa vinavyopitisha pumzi upande mmoja mfululizo, hivyo hunyonya gesi kwa ufanisi kutuzidi, nzuri na mbaya. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walibeba kanari migodini kutambua kaboni monoksaidi hadi mwaka 1986. Tundu lisikae karibu na jiko la mkaa, wala chumba kinachofukizwa udi au kupulizwa dawa ya mbu, wala jikoni kwenye kikaango kile kisichoshika chakula, ambacho kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoweza kumwua ndege kwa dakika chache.

Ndege aliyejivimbisha manyoya mchana, macho nusu yamefumba, si kwamba amenenepa. Ni mgonjwa, na amekuwa akificha ugonjwa huo kwa muda, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa na mwewe. Mwenye gramu 12 hana akiba ya kungoja hadi kesho kutwa.

Mwisho ni suala la kuwaachia huru. Kuna watu wema hufungua mlango wa tundu wanaposafiri au wanapochoka, wakiamini kwamba ndege atarudi kwenye asili yake. Asili yake iko Australia, na yeye na mababu zake wamezaliwa tunduni. Hajui mwewe, hajui mvua ya usiku, na sahani yake haipo mtini. Wengine hufanya kinyume, wakawanasa vijidege vyetu vyekundu kwa ulimbo wakidhani kwa kuwa ni ndugu wa chiriku-milia watatulia tunduni vilevile. Hao ni wanyamapori, wanaolindwa Tanzania na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wengi wao hufa siku chache baada ya kunaswa kwa hofu na kukataa kula. Anayetaka kuwaona na atandaze ulezi kidogo uani asubuhi, akae mbali, nao watakuja wenyewe wawili wawili. Anayeshindwa kuendelea na jozi yake ya chiriku-milia amtafute mfugaji mwingine, ampe na tundu lake, na amweleze habari ya makapi.