Kabla ya Fuvu, Nionyesheni Meno ya Nguruwe

Kila fuvu jipya la zamadamu linapotangazwa, picha zake husambaa siku hiyohiyo na watu huniuliza lina umri gani na ni la nani. Nami huwarudishia swali langu: palipookotwa fuvu hilo paliokotwa nguruwe gani? Swala wa aina gani? Kiboko alikuwepo?

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikichunguza meno ya wanyama waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Zamadamu, yaani jamaa zetu wa kale waliotembea kwa miguu miwili, ni adimu sana kwenye mashapo ya Bonde la Ufa. Kwa kila kipande cha taya yake tunaokota mamia ya vipande vya swala, nguruwe, viboko, twiga na panya. Vipande hivyo havipigwi picha na waandishi wa habari, lakini bila hivyo fuvu ni kichwa tu kisicho na nchi wala majira.

Nianze na nguruwe, maana ndio waliowahi kuwasahihisha watu wenye mashine.

Mwaka 1969 mtafiti Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe kwenye tabaka la majivu ya volkano huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Tabaka hilo likaitwa KBS, kifupi cha Kay Behrensmeyer Site, kwa heshima yake. Vipimo vya kwanza vya potasiamu na argoni vilitoa umri wa takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaona, chini ya tabaka hilo, vipande vya fuvu ambalo leo linajulikana kwa namba yake ya makumbusho, KNM-ER 1470. Fuvu lilikuwa na nafasi kubwa ya ubongo. Kama majivu yaliyolala juu yake yana miaka milioni 2.6, basi lenyewe lingekaribia milioni 3, na historia yote ya ukoo wetu ingebidi iandikwe upya.

Nguruwe walikataa. Basil Cooke, bingwa wa nguruwe wa kale, alikuwa amepanga meno ya nguruwe kutoka bonde la Omo, upande wa Ethiopia kaskazini mwa ziwa hilohilo, ambako matabaka mengi ya majivu yalikuwa yamepimwa vizuri. Nguruwe waliolala chini ya KBS walifanana na wale wa Omo wenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Ama nguruwe wa Koobi Fora waliwatangulia wenzao wa Omo kwa zaidi ya nusu milioni ya miaka, huku wakiishi kwenye bonde moja, au saa ya maabara ilikuwa imekosea. Mvutano ulikuwa mkali na ulidumu miaka kadhaa. Vipimo vipya vilipokamilika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, KBS ikatulia kwenye umri wa karibu miaka milioni 1.9.

Ukiliweka gego la mwisho la nguruwe wa kale kiganjani utaelewa kwa nini Cooke alikuwa na uhakika. Kwa spishi za mwanzo, gego ni fupi, na vinundu vyake ni vya mviringo na vya chini, kama kokoto zilizopangwa jozi jozi. Panda matabaka, njoo kwenye miaka ya karibu zaidi, na gego linazidi kurefuka kwenda nyuma ya taya. Linaongezewa vinundu, kisha vinundu vinapanda juu na kuwa nguzo zilizosimama wima zimebanana. Katika ukoo wa Metridiochoerus, nguzo hizo zinakuja kufanana sana na za ngiri wa leo, mnyama ambaye uzeeni mara nyingi hubaki na gego hilo la mwisho peke yake likifanya kazi ya yote. Nguruwe huzaa wengi, husambaa mbali, na meno yao yalibadilika upesi. Ndiyo maana kipande cha gego chenye urefu wa kidole kinaweza kukuambia uko tabaka la umri gani.

Urefu huo wa gego una neno la pili. Nyasi ni chakula kigumu: zina chembe za silika ndani yake, na kwa kuwa ziko karibu na ardhi huliwa pamoja na vumbi. Mnyama anayehamia kwenye nyasi husaga jino lake haraka, na kizazi baada ya kizazi wenye jino refu ndio wanaozeeka na kuacha watoto. Lakini umbo la jino linatuambia ukoo ulijiandaa kula nini. Mnyama huyu mmoja alikula nini hasa, hilo tunaliuliza kwa kaboni.

Miti, vichaka na mimea mingi ya majani mapana hunasa kaboni ya hewani kwa njia inayoitwa C3. Nyasi nyingi za nchi za joto hutumia njia ya C4, ambayo huingiza kaboni 13, ile nzito, kwa wingi kidogo zaidi. Tofauti hiyo hupita tumboni kwa mla majani na kuishia kwenye enameli ya meno yake, yaani ganda gumu la nje ya jino. Enameli ni karibu madini matupu, kwa hiyo maji ya ardhini hayaichakachui kwa urahisi kama mfupa. Twiga, mla matawi, husoma karibu na hasi 12 kwenye kipimo chetu cha kaboni nzito, na punda milia husoma karibu na sifuri. Kazi yenyewe ni ya subira: unalisafisha jino, unashika keekee ndogo kama ya daktari wa meno, unakwangua ule upande uliokwisha kuvunjika ili usiharibu uso wake, na unakinga unga mweupe usiozidi ncha ya kisu. Unga huo ndio unaokwenda kwenye mashine. Jino likiwa refu, ukikwangua mstari baada ya mstari kutoka ncha hadi shina unapata miezi ya maisha ya mnyama kwa mpangilio, kwa sababu jino huanza kuota nchani.

Ni kwa njia hii tuliona nyasi za C4 zikiingia kwenye chakula cha wanyama wa Afrika Mashariki kuanzia karibu miaka milioni 10 iliyopita, na farasi wa kale wenye vidole vitatu, Hipparion na jamaa zake, wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuzigeukia.

Kaboni hiyohiyo ndiyo iliyotutoa kwenye kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya: kudhani mnyama wa kale aliishi kama jamaa yake wa leo. Tembo wa Afrika wa sasa hula kwa wingi majani ya miti, matawi na magome. Nilipoona mifupa ya tembo kwenye mashapo, niliandika daftarini kwamba palikuwa na miti mingi. Lakini tembo wengi wa kale wa Afrika Mashariki, akiwemo Elephas recki aliyetawala kwa muda mrefu, walikuwa wala nyasi, na magego yao marefu yenye sahani nyingi yanalingana na kaboni yao. Daftari lile ilibidi nilirudie ukurasa kwa ukurasa.

Na pia kuna zamadamu aitwaye Paranthropus boisei. Mary Leakey aliliona fuvu lake maarufu Olduvai mwaka 1959. Kwa taya ile pana na magego makubwa kupita kiasi, watu walimwita mvunja njugu. Kaboni ya meno yake, iliyotangazwa mwaka 2011, ilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya chakula chake kilitoka kwenye nyasi za C4 au jamaa zake kama ndago na mafunjo. Kwa mlo alikuwa karibu zaidi na Theropithecus, nyani wa kale wa nyasi, kuliko na sokwe. Sijui kama kuna matokeo mengine katika fani hii yaliyonishangaza kiasi hicho. Tulikuwa tumemwangalia taya kwa nusu karne.

Kwa mazingira yenyewe, hakuna wa kuaminika kama swala na jamaa zao. Nyumbu, kongoni na nyamera ni wa uwanda wa nyasi. Kuro na tohe hawakai mbali na maji. Tandala na pongo hupenda vichaka na miti. Ukihesabu mafungu haya tabaka kwa tabaka, unaona uwiano wao ukibadilika, na mabadiliko hayo ni nchi yenyewe inayobadilika. Mtafiti Elisabeth Vrba alijenga hoja nzito juu ya hesabu ya namna hii: kwamba karibu miaka milioni 2.5 iliyopita ukavu uliwafuta swala wengi na kuleta wapya kwa mkupuo, na jenasi yetu, Homo, ikazaliwa katika mkupuo huohuo. Ni hoja nzuri, na iliifanya fani nzima iwaangalie wanyama kwa makini. Lakini mashapo ya Turkana, yalipohesabiwa upya katika miaka ya 1990, yalionyesha mabadiliko ya polepole zaidi, yaliyotapakaa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mimi niko upande wa polepole. Nimeona mno matabaka ambamo kuro na nyumbu wanalala pamoja, mto upande mmoja na uwanda upande wa pili.

Linganisha Laetoli na Olduvai, sehemu mbili za Tanzania zisizofika hata kilomita 50 kati yake. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilianza kuonekana mwaka 1976. Za kwanza kuonekana zilikuwa za wanyama, na za zamadamu zilifuata baadaye. Majivu yale yamebeba nyayo za sungura, digidigi, kanga, twiga na tembo, na njia ya Hipparion aliyepita na mtoto wake. Kinachonigusa zaidi ni wasiokuwepo: hakuna kiboko wala mamba. Waliopita pale walitembea kwenye nchi kavu, mbali na ziwa. Olduvai, ambayo ni changa zaidi, ina viboko, mamba na kuro kandokando ya ziwa la kale.

Hapa lazima nionye. Lundo la mifupa halifanani na kundi la wanyama waliokuwa hai. Behrensmeyer amefuatilia mizoga ya Amboseli tangu miaka ya 1970, akiandika jinsi mfupa unavyopasuka, kubanduka na kusagika juani. Mifupa mingi inayobaki juu ya ardhi hupotea ndani ya miaka 15 hivi. Ya wanyama wadogo huondoka kwanza, na mingine hutafunwa na fisi. Mto nao huchagua: jino zito hubaki, ubavu mwepesi huelea. Kwenye mapango ya Afrika Kusini, mtafiti Bob Brain alionyesha kwamba zamadamu waliodhaniwa kuwa wawindaji walikuwa wenyewe mawindo. Fuvu la mtoto kutoka pango la Swartkrans lina matundu mawili yanayolingana na meno ya chui. Panya pia hufika mikononi mwetu kupitia koo la bundi, kwa hiyo unahesabu vilevile alichopenda bundi. Mtu anayehesabu swala bila kuuliza nani aliwakusanya hapo, nisingeamini ramani yake ya mazingira.

Kwenye meza yangu kuna gego la Metridiochoerus, zuri kuliko yote niliyowahi kushika. Nguzo zote ziko kamili na rangi yake ni ya kahawia iliyoiva. Lililetwa na mtu aliyeliokota kwa nia njema kabisa, akalifunga kwenye kitambaa, na hakukumbuka ni korongo lipi. Naweza kukisia umri wake kwa umbo na kupima alichokula mnyama huyu. Lakini kama alijilisha ukingoni mwa ziwa au uwandani, kama zamadamu walipita hapo msimu uleule, kama chini yake kulikuwa na majivu ya kupima, hayo yote yalibaki korongoni siku alipoliinua. Ukikutana na jino kama hili, liache lilipo, lipige picha pamoja na ardhi iliyolizunguka, andika mahali, kisha wapigie makumbusho.