Kopo la pamba mezani: usugu wa dawa kwenye chumba cha upasuaji wa mifugo

Mbwa aliyefungwa kizazi akianza kuvuja maji kwenye mshono siku ya nne, swali la kwanza huwa "tumwongezee dawa gani?" Mimi naanza kuuliza habari za kopo la pamba. Lile linalokaa mezani na mabonge yake yaliyolowa dawa ya kusafishia ngozi, linajazwa kila likipungua, na hakuna anayekumbuka lilioshwa lini.

Dawa hiyo, yaani klorheksidini, mara nyingi ikiwa na setrimaidi, inaua bakteria kweli. Lakini pamba hufyonza dawa na kuishikilia, maji ya kuzimulia huipunguza nguvu, na vidole vinaingia humo kutwa nzima. Kinachobaki ni maji yenye dawa hafifu, na bakteria kama Pseudomonas na Serratia wanaweza kuishi humo bila shida. Pseudomonas ana usugu wa kuzaliwa nao: penisilini ya kawaida haimgusi, na oksitetrasaiklini kwa kawaida haimfikishi popote. Kwa hiyo ukipangusa ngozi kabla ya kukata, unampaka mnyama bakteria yule yule ambaye dawa za kabatini kwako hazimwezi.

Changanya dawa ya siku moja, itakayobaki jioni imwagwe. Kopo lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe mpaka utelezi uishe, kisha lipite kwenye otoklevu (chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye presha) na kukauka. Kusuuza kuna sababu: mabaki ya sabuni ya kawaida huua nguvu ya klorheksidini. Tumia gozi (vitambaa vyepesi vya hospitali) badala ya pamba, na zitolewe kwa koleo. Maji nayo yana kesi yake. Visima vingi vya ukanda wa pwani, Mikindani na Kilwa, vina maji magumu au ya chumvi, na klorheksidini ikikutana nayo huweza kuganda na kutua chini kama unga mweupe. Ukiona mashapo hayo, dawa iko chini na wewe unapangusia maji. Maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa yanafaa zaidi.

Adui wa pili anakuja na mgonjwa mwenyewe. Staphylococcus pseudintermedius ni mkaazi wa kawaida wa pua na ngozi ya mbwa, na wapo waliobeba jeni iitwayo mecA. Penisilini huua kwa kuishika protini inayojenga ukuta wa bakteria. Mwenye mecA hutengeneza protini nyingine ambayo penisilini haipati pa kuishika. Hapa kuhama kutoka penisilini kwenda amoksilini, hata ile yenye asidi ya klavulaniki, au kwenda sefaleksini, ni kubadili chupa tu. Familia nzima ya dawa hizo imeshindwa kwa mpigo mmoja.

Na sisi ndio tunaowachagua hao. Sindano ya penistrepi (penisilini na streptomaisini) baada ya kushona, kisha siku tano za oksitetrasaiklini "kwa usalama", haimkingi mnyama. Dawa ya kinga inatakiwa iwe imeshafika kwenye nyama wakati kisu kinaingia. Ikija baada ya mshono imechelewa, na kazi inayobaki ni kuua bakteria dhaifu wa ngozini na kuwaachia sugu uwanja. Upasuaji safi wa chini ya saa moja kwa mnyama mwenye afya hauhitaji antibiotiki kabisa. Ukizidi hapo, au ukiweka chuma mfupani, toa antibiotiki ya sefazolini miligramu 22 kwa kilo, kwenye mshipa, dakika 30 hadi 60 kabla ya kukata, na dozi ya pili baada ya dakika 90 hadi 120 kama bado mnaendelea. Mbwa wa kilo 15 anahitaji miligramu 330. Kichupa cha gramu 1 kilichozimuliwa hadi mililita 10 kinakupa mililita 3.3. Ukishashona, basi. Seftriaksoni, antibiotiki nyingine, kwa kuwa imejaa madukani, hukimbiliwa badala yake. Sikubaliani: kwa bakteria wa ngozi ni dhaifu kuliko sefazolini, na ni dawa ambayo binadamu wanaihitaji sana hospitalini.

(Kuhasi punda au kufungua jipu la ng'ombe kwenye vumbi la boma kule Liwale au Nachingwea ni hesabu nyingine. Huo si upasuaji safi, na pepopunda lazima ifikiriwe.)

Vyombo: fungua bawaba zote, sugua kwa brashi, ndipo uvifunge. Damu iliyogandia kwenye bawaba ni ngao. Maji ya chumvi huleta kutu, na kila shimo la kutu ni nyumba ya bakteria, kwa hiyo suuza mwisho kwa maji ya mvua. Kwenye otoklevu ya jikoni acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuweka uzito, maana hewa ikibaki ndani, mshale wa presha unakudanganya. Nyuzi joto 121, dakika 30 kwa furushi lililofungwa, zikihesabiwa tangu presha ifike. Furushi likitoka likiwa na unyevu si tasa tena, kwani kitambaa kilicholowa hupitisha bakteria kama utambi unavyopandisha mafuta. Kwa joto na unyevu wa Mtwara, hifadhi mafurushi kwenye bati lenye mfuniko, mbali na dirisha.

Kidonda kikishaharibika, chukua sampuli kabla ya sindano yoyote. Osha juu kwa maji tasa ya chumvi, achana na usaha wa juu, vuta wa ndani kwa bomba la sindano au zungusha kijiti cha sampuli ukutani mwa kidonda. Weka kwenye Amies (kichupa cha kusafirishia sampuli), kisha kwenye kisanduku cha baridi bila kugandisha, kifike maabara ndani ya saa 24. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Mtwara. Piga simu kwanza uulize vidonge vya kupimia usugu (vya maabara, si vya kumeza) walivyo navyo, na kwa mbwa omba cha oksasilini, kwa sababu kile cha sefoksitini humkosa S. pseudintermedius mwenye mecA. Andika kila dawa aliyokwisha kupewa. Kama ulishona kwa hariri iliyosokotwa, kata kipande cha uzi uliokuwa ndani ukitume pia kwenye kichupa tasa: kati ya nyuzi zile ndipo bakteria hujenga utando wao, na kijiti hakifiki humo.