Mlango Unaotazama Gari: Kwa Nini Moteli Haiishiwi na Visa

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kufundisha wafanyakazi wa moteli za barabarani, wanachotaka ni umbea. Wanataka habari za fumanizi, za mke aliyepiga simu usiku wa manane, za mgeni aliyetoroka na mashuka. Yapo hayo, tena tele. Ila mimi nikiitwa kwenye moteli yenye ugomvi usiokwisha, siulizi kwanza nani kamkosea nani. Naomba nione ramani ya jengo na ratiba ya zamu. Mikasa mingi ya moteli imo ndani ya vitu hivyo viwili, na ungebadilisha wafanyakazi wote leo, wapya nao wangegombana vilevile kufikia mwezi ujao.

Tuanze na jengo. Mwaka 1925 msanifu majengo Arthur Heineman alifungua nyumba ya wageni huko San Luis Obispo, California, karibu na nusu ya njia kati ya Los Angeles na San Francisco, ambako dereva aliweza kulala hatua chache tu kutoka gari lake lilipo. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa moteli ya kwanza. Jambo jipya lilikuwa mlango: chumba kilitazama gari badala ya ukumbi. Hoteli ya mjini humpitisha mgeni mbele ya macho ya watu, kuanzia bawabu, mapokezi, lifti, hadi wageni wengine waliojikalia wakisoma magazeti. Motelini mgeni analipa, anapewa ufunguo, anaegesha mlangoni, basi. Anaweza kuingiza ndani watu watano na mbwa, na karani wa mapokezi asijue lolote hadi asubuhi.

Kwa hiyo anayejua mambo ya moteli ni mhudumu wa vyumba. Yeye ndiye anayeona vitanda viwili vimelaliwa wakati daftari limeandikwa mtu mmoja, anayekuta kioo kimepigwa ngumi, anayegundua kwamba mgeni wa chumba cha mwisho hajala siku mbili. Lakini katika moteli nyingi huyohuyo ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, na haitwi kwenye makabidhiano ya zamu. Karani wa asubuhi anampa karani wa mchana taarifa za vyumba ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyeviona. Kisha jambo likiharibika, meneja anamfokea mhudumu wa vyumba: "Kwa nini hukusema?" Angesemea wapi?

Sasa ratiba. Kwa kawaida mgeni anatakiwa kurudisha ufunguo saa tano asubuhi, na anayekuja anaahidiwa chumba saa tisa alasiri. Katikati pana saa nne. Chumba kilichoachwa na mgeni kinahitaji kama nusu saa: kutandua, kutandika, choo, vumbi, taka, taulo mpya, kujaribu taa na rimoti. Piga hesabu mwenyewe. Mtu mmoja katika saa nne atamaliza vyumba vinane, tena asipokutana na matapishi. Wenye moteli humpa kumi na mbili au kumi na nne kwa zamu, na kwa siku nzima hilo linawezekana. Ila ikifika saa tisa kamili, vyumba vinne au sita vitakuwa bado, na wenyewe wameshasimama mapokezi na watoto waliochoka.

Hapo ndipo simu ya ndani inapolia.

"Mama, chumba namba saba bado?"

"Mwanangu, wa saba hajatoka. Kaweka kibao cha asisumbuliwe."

"Lakini wenye saba wako hapa mbele yangu!"

"Basi waje wamgongee wao."

Karani anakata simu, anawageukia wageni na tabasamu la kukopa, na jioni anaandika kwenye daftari la zamu kwamba mhudumu wa vyumba ana kiburi. Mhudumu naye anawaambia wenzake dobini kwamba kijana wa mapokezi hajui kazi. Baada ya wiki mbili hawasalimiani. Ukiangalia kilichotokea, karani ndiye aliyemruhusu mgeni wa saba kuongeza muda, na hakumwambia mtu. Dawa yake ni karatasi: orodha ya usafi ipangwe kwa saa anayokuja mgeni mpya, isipangwe kwa mfuatano wa namba za milango, na kila aliyeongezewa muda aandikwe hapo kabla mhudumu hajasukuma toroli lake. Nimeona watu walionuniana kwa muda mrefu wakirudi kutaniana baada ya orodha kubadilishwa, bila kikao cha suluhu.

Ugomvi mwingine wa chinichini ni wa bakshishi. Mgeni akiondoka anaacha noti chini ya glasi. Msimamizi "anapita kukagua" kwanza. Mhudumu anaingia akute glasi tu. Hakuna anayesema kitu, kila mtu anajua. Kanuni yangu hapa ni kavu: chumba kilichoachwa anaingia kwanza aliyepangiwa kukisafisha. Mkaguzi atangoja zamu yake.

Na kwa kuwa milango inatazama nje, mhudumu hufanya kazi peke yake mahali ambapo mtu yeyote mwenye gari anaweza kusimama. Huko Marekani, jiji la Chicago lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuwapa wahudumu wa vyumba kifaa cha kubonyeza kuomba msaada, baada ya Seattle kupiga kura kuhusu jambo hilohilo mwaka 2016. Pasipo na kifaa, angalau pawe na utaratibu wa kujulisha mapokezi kila anapoingia na kutoka chumbani. Mgeni akiwa bado ndani, mhudumu haingii kusafisha, hata mgeni akisema "ingia tu, hakuna neno".

Nije kwenye simu ya usiku wa manane, maana hapa ndipo karani mpya huumizwa zaidi na wema wake.

Mwanamke anapiga, sauti imetulia mno: "Samahani, mume wangu amefika salama?" Karani mwenye moyo mzuri anapekua daftari na kujibu. Akisema "ndiyo, yuko chumba namba tatu", ameshafungua mlango wa fumanizi. Akisema "hayupo" akijua yupo, amedanganya. Lakini hata kusema "hayupo" kwa asiyekuwepo kweli kuna ubaya. Ukizoea kusema hayupo kwa wasiokuwepo, siku utakayonyamaza mpigaji atajua yupo. Jibu liwe lilelile kwa kila mtu, kila usiku: "Kwa utaratibu wetu hatusemi nani yumo na nani hayumo. Ukipenda niachie ujumbe. Kama kuna mgeni wa jina hilo, utamfikia." Wapigaji watatukana. Waache watukane.

Wengi hudhani kanuni hii ni ya kuwafichia wazinzi. Wazinzi wanafaidika nayo, sikatai. Mimi nawafikiria zaidi wale waliokimbia kipigo nyumbani, maana moteli ndiyo sehemu ya haraka ambako mtu anaweza kujificha usiku bila kumwamsha ndugu. Yule anayekuja kaunta akisema "mke wangu yuko ndani, mimi ufunguo nimeusahau" anaweza kuwa mume mchovu au anaweza kuwa ndiye anayekimbiwa, na sura haikwambii ni yupi. Kama jina lake halimo daftarini kwa chumba hicho, hapewi ufunguo. Karani anapiga simu chumbani, aliyemo anaamua. Kwa sababu hiyohiyo namba ya chumba haitamkwi kwa sauti. Huandikwa kwenye bahasha ya ufunguo na kusukumwa juu ya kaunta.

Daftari lenyewe limewahi kufika Mahakama Kuu ya Marekani. Los Angeles ilikuwa na sheria iliyowataka wenye hoteli kuandika jina la mgeni, gari lake, namba ya gari, saa aliyofika na chumba alicholala, kutunza kumbukumbu hizo siku 90, na kumwonyesha polisi yeyote akitaka. Wenye moteli, wakiwemo wa jina la Patel, walishitaki. Mwaka 2015 mahakama iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mwenye moteli hawezi kuadhibiwa kwa kukataa papo hapo, kabla hajapewa nafasi ya kupinga ombi hilo mbele ya mtu asiyeegemea upande. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo meneja ajue ya kwake na aiandike pale karani wa usiku anapoiona. Saa nane za usiku mbele ya sare si wakati wa kuanza kutafakari.

Jina hilo la Patel si bahati. Sehemu kubwa ya moteli za Marekani ziko mikononi mwa familia zenye asili ya Gujarat, India, na baadhi yao walipitia Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Moteli iliwafaa kwa sababu nyumba na biashara vilikuwa chini ya paa moja. Mlango wa nyuma ya kaunta unaingia sebuleni kwao, na watoto wanafanyia kazi za shule palepale wageni wanapolipia.

Katika moteli ya namna hii mfanyakazi wa kuajiriwa ana mabosi wawili wanaolala kitanda kimoja. Baba kasema mgeni arudishiwe pesa, mama kasema asirudishiwe hata senti, na anayesimama kaunta ni mtu wa tatu. Ongeza mpwa wa zamu ya usiku, ambaye hakemewi kwa kuchelewa kwa sababu mama yake atapiga simu. Huwa nawaomba wenye mali wakae chini mara moja, waandike nani mwenye neno la mwisho kwenye pesa, nani kwenye wafanyakazi, na saa ngapi mlango wa sebuleni unafungwa. La saa za mlango ndilo hubishaniwa zaidi.

Kazi haiachi kuingia nyumbani kwa wenye moteli. Walter Bailey na mkewe Loree walikuwa wakiendesha Lorraine Motel huko Memphis, Marekani. Tarehe 4 Aprili 1968 mgeni wao Martin Luther King aliuawa akiwa amesimama kwenye baraza la nje la chumba 306. Siku hiyohiyo Loree alipatwa na kiharusi, akafariki tarehe 9 Aprili, siku ya mazishi ya King. Mumewe aliendelea na moteli kwa miaka mingi, na chumba 306 hakukikodisha tena.

Kuhusu familia za wageni, mjini humohumo Memphis ndiko Kemmons Wilson alikofungua moteli ya kwanza ya Holiday Inn mwaka 1952. Mwaka mmoja kabla alikuwa amesafiri na mkewe na watoto wao watano, akaudhika kwa kutozwa dola 2 za ziada kwa kila mtoto. Kwake watoto wakalala bure na wazazi wao. Wazazi wamempenda, walio chumba cha jirani sina uhakika. Ushauri wangu ni mfupi: familia zipewe vyumba vya mwisho wa safu, madereva wa malori wanaolala mchana wapewe safu nyingine, na karani asingoje malalamiko ndipo aanze kuwatenganisha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema tumfanye nini mgeni wa mwezi. Wapo wanaoishi motelini kwa sababu nyumba ya kupanga inadai amana ambayo hawana, na hao ndio wanaozua mgogoro mzito kuliko yote niliyotaja. California, aliyekaa zaidi ya siku 30 mfululizo huanza kupata haki za mpangaji, na hawezi kutolewa bila utaratibu wa mahakama. Ndiyo maana baadhi ya wenye moteli wamekuwa wakiwatoa watu siku ya 28, wanalala kwingine usiku mmoja, kisha wanapokelewa upya. Sheria ya huko imekataza ujanja huo. Mimi nauona ni ukatili hata pale sheria isipoukataza: mtoto anahamishwa na mfuko wa madaftari ili tarehe ianze kuhesabiwa upya. Mwenye moteli asiyetaka wapangaji aseme hivyo siku ya kwanza, kwa maandishi.

Mwisho, vitu vilivyosahauliwa. Karani mwema anakuta koti la kike chumbani, anaona namba ya simu daftarini, anapiga nyumbani kwa mgeni: "Umesahau koti lako." Mke anapokea simu, na koti si lake. Kwa hiyo hatupigi, hatuandiki barua, hatutumi kifurushi kwa hiari yetu. Kitu kinawekewa tarehe na namba ya chumba, kinafungiwa kabatini, na tunangoja mwenyewe aulize. Chaja na miwani huulizwa ndani ya wiki. Meno ya bandia huulizwa siku hiyohiyo. Nguo za ndani sijasikia zikiulizwa.