"Kazaliwa mcheshi": tunavyomkosea mwigizaji wa vichekesho

Kila Jumamosi nafundisha uigizaji kikundi cha wasichana hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwezi uliopita mama mmoja alinivuta pembeni: "Mwalimu, huyu mwanangu ni mcheshi toka tumboni. Sasa unamkalisha hapa mpaka magharibi, unamfundisha nini?" Alikuwa anamsifu binti yake, najua. Lakini hakuna dhana inayowaumiza wasichana hawa kama hiyo, kwamba mchekeshaji huzaliwa tu, hana cha kujifunza.

Basi niliwaonyesha kazi ya Lucille Ball, Mmarekani aliyetamba kwenye runinga kuanzia 1951 kwa tamthilia ya vichekesho ya *I Love Lucy*. Huyo alipokwenda kusomea maigizo New York akiwa binti mdogo, walimu walimrudisha nyumbani wakisema hana mbele wala nyuma katika sanaa. Kilichombadilisha ni miaka ya kazi: filamu tangu 1933, mara nyingi vipande vidogo vidogo, kisha redio. Kila kipindi cha Lucy kilifanyiwa mazoezi kwa siku kadhaa, halafu kikarekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, kamera tatu zikipiga picha kwa pamoja. Ukikosea pumzi moja, watu hawacheki na wewe unawaona.

Nilichagua kipindi cha 1956 anachoingia kwenye pipa la kukanyagia zabibu huko Italia. Kwa watu wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hilo halihitaji maelezo. Angalia miguu yake. Wa kwanza unaingia, uso unakunjamana kwa ule utelezi kati ya vidole. Anasita. Wa pili unafuata, anaanza kuzoea, kisha anacheza kwa raha kabisa, mwisho anachoka na kutaka kupumzika huku mwenzake akimlazimisha aendelee. Mpaka hapo karibu hakuna neno la maana lililosemwa. Msichana mmoja ambaye kwao Mpunguzi wanalima zabibu aliomba turudie mara tatu, akasema, "Mwalimu, anahesabu." Kweli, anahesabu, kama wanawake wa Kigogo wanavyohesabu wakipiga muheme, ngoma ikiwa imebanwa katikati ya mapaja. Ukiwahi umeharibu, ukichelewa umeharibu.

Wengine husema vichekesho ni vya mabinti wa mtandaoni, ukipita miaka 25 umechelewa. Lucy ilipoanza kuonyeshwa, mwenyewe alikuwa ametimiza miaka 40 na ana mtoto mchanga wa miezi mitatu.

Na ile ya kwamba mchekeshaji hawezi kubeba uhusika mzito? Mwaka 1985, akiwa na miaka 74, aliigiza kwenye runinga bibi asiye na makazi anayelala barabarani New York. Katikati ya hayo, mwaka 1962, alinunua hisa za aliyekuwa mumewe akaongoza peke yake Desilu, kampuni yao ya kutengeneza vipindi vya runinga, iliyokuja kutengeneza *Star Trek*, tamthilia ya safari za anga za juu. Mcheshi huyo huyo alikuwa anasaini mishahara ya watu.

Inayoniudhi zaidi ni hii: mwanamke anayechekesha watu hajiheshimu. Ndiyo maana kwenye vichekesho vyetu vingi bibi mkorofi huchezwa na mwanaume aliyejifunga kanga. Lakini nendeni msibani mkamwone mtani. Mama mzima huvaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai pesa ndipo kaburi lifukiwe, na wafiwa wakacheka huku wanafuta machozi. Hakuna anayemwambia mama huyo hajiheshimu. Anaheshimika kwa sababu alimtazama marehemu vizuri kuliko sisi sote. Kazi ya kutazama watu namna hiyo ndiyo ninayowafundisha mabinti, na ni kazi ngumu.

Yule mama alirudi Jumamosi iliyofuata, akakaa kwenye benchi la nyuma. Binti yake alikuwa na kipande kifupi: anaingia na ndoo ya maji kichwani, anamkuta mdai wa kodi, anataka kujificha bila kumwaga. Alirudia mara tisa. Katika ile ya tisa alisimama kwanza, macho tu yakageuka, ndoo haikutikisika. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwambia binti, "Hebu rudia hapo."