Ndoa za utotoni: acheni kusema "ni mila tu"

Kila kikao cha kata kikigusa ndoa za utotoni, lazima mtu asimame: "Hii ni mila, wazazi waelimishwe." Basi leo nalijibu neno hilo kwa maandishi.

Mila haipandi na kushuka na mvua. Ndoa hizi zinapanda na kushuka nayo. Watafiti waliopima ukame waliona kwamba kusini mwa Sahara, ambako mwoaji ndiye anayetoa mahari, mwaka wa ukame huongeza ndoa za wasichana wadogo. India, ambako upande wa binti ndio unaotoa, ukame huohuo huzipunguza. Mila ipo kote kuwili. Kinachotofautiana ni nani anapokea. Shamba likikauka, ng'ombe wa mahari ndiye chakula cha wadogo zake binti, na semina haijazi ghala.

Neno la pili linaniudhi zaidi: "Si kuna miaka 30 jela kwa anayemwoa mtoto?" Ipo, lakini soma kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu ya Tanzania, kilichoongezwa 2016. Kinamlinda mwanafunzi wa msingi au sekondari. Mwanafunzi! Familia zinalijua neno hilo kuliko sisi. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Binti anaambiwa ajaze majibu ovyo. Akifeli, hayumo tena kwenye rejista yoyote, na ng'ombe wanaingia zizini bila hofu ya kifungu hicho. Kinachobaki ni Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoweka miaka 15 kwa msichana kwa ridhaa ya baba (14 kwa ruhusa ya mahakama), pamoja na Kanuni ya Adhabu, ambayo haimhesabu mume kuwa mbakaji ikiwa mkewe ametimiza 15. Mahakama Kuu ilitamka Julai 2016 kwamba kifungu cha 13 na cha 17 vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka 1 virekebishwe. Mwaka ukaisha hivihivi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali.

Kwa hiyo kesi yote inasimama juu ya umri, na hapo ndipo inapoanguka. Cheti cha kuzaliwa hakuna, kadi ya kliniki imepotea. Shahidi wa umri aliyebaki ni mzazi, yuleyule aliyepokea mahari, naye atasema binti ana 16. Au hatatokea kabisa.

Je, 18 ikiandikwa kwenye sheria, mambo yatakwisha? Sina hakika. Ndoa nyingi hizi ni za kimila, hazipiti kwa msajili. Mabinti wengine wametoroka wenyewe wakiwa na mimba, na kumfunga kijana kunamwacha binti na mtoto bila wa kumlisha. Hata takwimu tunazoshangilia, 31% katika utafiti wa 2015/16 na 29% mwaka 2022, zinahesabu wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya 18. Zinasimulia ya miaka kadhaa nyuma.

Walimu wa darasa la saba, kabla ya Septemba nakilini tarehe za kuzaliwa kutoka rejista ya uandikishaji wa darasa la kwanza, ambatisheni nakala za kadi za kliniki, mwalimu mkuu agonge muhuri. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende kwa ofisa ustawi wa jamii. Isikae nyumbani kwa binti.