Je, wajua kwa nini hema lisilovuja hulowa kwa ndani?

Umelala kando ya Ziwa Naivasha, baiskeli umeifunga mtini, na usiku kucha halikudondoka hata tone la mvua. Alfajiri unainuka, kichwa kinagusa paa la hema, maji yanakutiririka shingoni. Wengi hapo humlaani aliyewauzia hema. Lakini hema halikuvuja. Maji hayo yametoka mwilini mwako.

Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi, hata kama hatoki jasho la kuonekana. Kwa usiku mmoja ni kama robo lita au zaidi. Mkilala wawili, nusu lita nzima imegeuka mvuke humo ndani. Na usiku usio na mawingu, kitambaa cha hema hupoteza joto lake kuelekea angani hadi kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Mvuke ukikigusa hugeuka matone, kama chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Kitambaa kinachozuia mvua isiingie huzuia pia mvuke usitoke.

Ndiyo maana, kwa safari za huku kwetu, mimi humshauri mtu achukue hema la tabaka mbili: la ndani la neti, la nje la kuzuia mvua, na nafasi ya hewa katikati. Maji hugandia tabaka la nje, wewe na mfuko wako wa kulalia mnabaki wakavu. Hema la tabaka moja huvutia kwa wepesi wake, lakini mahali penye unyevu mwingi utalipia wepesi huo kila asubuhi. Angalia pia kama lina matundu ya hewa juu, yanayoweza kubaki wazi mvua ikinyesha. Na likiwa la aina ambayo tabaka la nje husimamishwa kwanza, bora zaidi: ukikutwa na mvua ya masika milimani Usambara, utaifunga neti ndani ya hema ikiwa kavu.

Halafu kuna zile namba za milimita ambazo wauzaji huzitaja sana. Kitambaa hupimwa kwa kuwekewa maji upande mmoja, na kina cha maji huongezwa hadi matone yaanze kupenya. Kikiandikwa milimita 1,500, maana yake kilihimili maji ya kimo cha mita moja na nusu. Kwa paa hiyo inatosha mvua nyingi. Sakafu inahitaji zaidi, milimita 3,000 hivi au kupita hapo, kwa sababu goti lako likikandamiza ardhi iliyolowa husukuma maji kwa nguvu kuliko mvua yoyote. Lakini namba kubwa haimsaidii mtu kama mishono haikuzibwa: kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Vaa hema kichwani mchana, tazama mishono kwa mwanga wa jua, utaona ilipozibwa na ilipoachwa.

Kuhusu kitambaa, nailoni iliyopakwa silikoni ni nyepesi na haichaniki upesi. Kasoro yake ni kwamba nailoni hunywa maji na kulegea: hema uliloliacha limekazwa jioni, usiku wa manane limelala juu ya neti, na umande unapitia hapo. Poliesta hailegei hivyo, na hustahimili jua vizuri zaidi. Kwa anayepiga kambi juani wiki nzima, mimi ningechagua poliesta ijapokuwa nzito kidogo.

Mwendesha baiskeli ana jambo lake ambalo mtembea kwa miguu halimhusu sana, nalo ni urefu wa fito. Nusu kilo kwenye keria haiumizi kama nusu kilo mgongoni, lakini fito zenye urefu wa sentimita 45 zikikunjwa hazikai vizuri kwenye usukani, hugonga breki. Tafuta zinazokunjika hadi sentimita 30 hivi.

Hata hema zuri halishindi mahali pabaya. Hewa baridi hutuama bondeni na ukingoni mwa maji, kwa hiyo panda juu kidogo. Chini ya mti umande ni haba, kwa kuwa majani hulikinga hema na anga tupu; kagua tu kama hakuna tawi kavu juu yako.

Asubuhi futa paa kwa kitambaa kabla ya kukunja, na saa sita mkipumzika kula, litandaze juu ya baiskeli. Ukifika nyumbani, hasa kama unaishi Tanga au Mombasa kwenye joto na unyevu, lianike tena kabla ya kulihifadhi. Hema lililopakwa poliurethani, yaani utando wa plastiki wa kuzuia maji, likikaa na unyevu kabatini, utando wake huoza, hunata na kunuka, na hapo ndipo litakapovuja kweli.