"Kuvaa orenji" maana yake nini hasa?

Ikifika Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita, siku ya kupaza sauti dhidi ya mauaji ya bunduki, Marekani utaona watu wametupia tisheti za rangi ya chungwa na hadi majengo yanawashwa taa za rangi hiyo. Wakenya msishtuke, hii sio ODM, kile chama chenu cha rangi ya chungwa.

Orenji ile inayowaka ni rangi ya wawindaji. Majimbo mengi kule sheria inasema ukiingia porini msimu wa kuwinda kwa bunduki lazima uvae kizibao chake, sababu binadamu anaiona toka mbali ila kulungu wala haimshtui, yaani kazi yake ni kumwambia mwenzako mwenye bunduki huyu ni mtu, usipige.

Sasa Januari 2013 kulikuwa na binti mweusi wa Chicago, Hadiya Pendleton, miaka 15, ndo kwanza ametoka Washington na kikundi cha shule yao kwenye shamrashamra za kuapishwa Obama mara ya pili. Tarehe 29 wamemaliza mitihani, mvua ikawakuta, yeye na wenzake wakajibanza kwenye kibanda cha bustani, jamaa akatokea akamimina risasi akidhani wale ni genge pinzani. Hadiya akafa, na hapo sio mbali na nyumba ya Obama mwenyewe. Rafiki zake, watoto wa sekondari tu, wakaanzisha Project Orange Tree na ndo wao walioichagua hiyo rangi. Hebu fikiria, mtoto anavaa nguo za porini ili mtaani kwao asipigwe risasi! Siku yenyewe ya kitaifa ilianza tarehe 2 Juni 2015, birthday yake, angetimiza 18.

Ila kuna kuonekana kwa aina nyingine na hapa ndo wengi wanapapita juujuu. Februari 2018 watu 17 waliuawa shuleni Parkland, Florida, kamera za dunia nzima zikahamia kule, wakati vijana weusi wa Chicago wanazika wenzao mwaka mzima na hakuna anayeuliza. Mwezi uliofuata wanafunzi nchi nzima wakatoka madarasani kwa dakika 17, moja kwa kila aliyeuawa Parkland, ila Naomi Wadler wa Virginia, miaka 11 tu, na wenzake wakakaa nje dakika 18, ile moja ya ziada ilikuwa ya Courtlin Arrington, binti mweusi aliyepigwa risasi shuleni kwao Alabama wiki moja kabla.

Na hata Parkland penyewe wanafunzi weusi waliita waandishi wa habari wakasema jamani na sisi tulikuwepo, mbona hatuulizwi? Wakubwa walikuwa wameamua kuongeza polisi shuleni, wazazi wengine roho zinatulia, wanafunzi hao wakasema hapo ndo mmetuongezea hofu, maana polisi naye ana bunduki na kwao haijulikani atamwona mwanafunzi au atamwona mhalifu.